Uwepo wa Bi Somoe

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi iitwayo Mchakatoni. Haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji aliyeanza kutabasamu akidhani anaifahamu na atulie. Ilikuwa nchi ya watu wenye adabu, na sheria yake kuu, iliyoizidi umri hata katiba, ilikuwa Sheria ya Uwepo. Ilisema hivi: mtu hayupo mahali mpaka uwepo wake utambuliwe kwenye kipaza sauti.

Sheria hiyo ilitungwa baada ya msiba mzito. Waziri mmoja alihudhuria uzinduzi wa choo cha shule, mshereheshaji akapitiwa, asimtaje. Masikini waziri wa watu aliumia. Alilala kitandani ameelekea ukutani, hali, hasemi, na wizara nayo ikalala pamoja naye. Bunge likaona aibu kama ile isijirudie. Tangu hapo kila anayesimama kusema hadharani hutakiwa kwanza kutambua uwepo wa wakubwa wote, kutoka wa juu kushuka chini, kwa cheo, jina na sifa, kisha atamke "itifaki imezingatiwa." Hapo ndipo huruhusiwa kusema alichokuja kusema. Akikosea mmoja, anaanza upya. Na asiyetajwa hakuwepo, hata kama amekaa kiti cha mbele na anapiga chafya.

Hakuna mahali sheria hiyo iliposhika mizizi kama katika Taasisi ya Sayansi za Uhai ya Chuo Kikuu cha Taifa. Maabara zilikuwepo, sikatai, lakini zilifungwa ili vifaa visichakae. Kazi yenyewe ilikuwa semina. Jumatatu semina, Jumatano warsha, Ijumaa kongamano la kutathmini semina na warsha, na katikati chai. Mkurugenzi, Profesa Ntimbwa, hakuwa amegusa hadubini tangu apate uprofesa, ila aliweza kuzungumzia umuhimu wa hadubini kutwa nzima bila kurudia neno, isipokuwa neno "umuhimu." Kuume kwake alikaa Bwana Makofia, Mkuu wa Itifaki. Huyu hakusomea sayansi yoyote. Lakini mwanasayansi gani angefungua kinywa bila yeye? Ndiye aliyeshika kipaza sauti, na kitufe cha kukizima kilikuwa chini ya kidole gumba chake.

Katika Taasisi hiyo alifanya kazi Dakta Sikudhani, bingwa wa dumuzi, yule mdudu anayesaga mahindi ya mkulima ghalani kabla mkulima hajayapeleka mashineni. Alilelewa na mama yake mdogo, Bi Somoe, mwanamke wa mkoani aliyesuka mikeka mpaka vidole vikapinda ili mtoto wa dada yake asome. Pamoja na karo Bi Somoe alimpa usia mmoja: "Mwanangu, heshima si utumwa. Ukiambiwa kaa, kaa. Ukiambiwa subiri, subiri." Sikudhani alikaa, akasubiri, akapata shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu. Basi nani angemwambia kwamba usia ule ulikuwa na kasoro?

Semina yake ya kwanza ilihusu mdudu anayeishi siku moja tu. Alikuja na wadudu hao kwenye chupa asubuhi, wazima, wanarukaruka. Akaanza kutambua uwepo. Alipofika kwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mapazia, wadudu walikuwa wazee. Alipotamka "itifaki imezingatiwa," chupa ilikuwa kimya. Bwana Makofia akaueleza ukumbi kwamba hakuna hasara iliyotokea, maana uwepo wa wadudu wale haukuwa umetambuliwa. Ukumbi ukacheka. Sikudhani naye alicheka, tena kwa sauti, kwa kuwa alikuwa anasubiri kupandishwa cheo.

Kisha kulikuwa na jambo la neno. Ghalani kwake alikuwa na magunia ya mahindi aliyoyachanganya na sumu kali ya rangi nyekundu, apate kuona dumuzi watakufa kwa kasi gani. Juu ya kila gunia aliandika kwa wino mzito: MAHINDI YENYE SUMU. Profesa Ntimbwa alipopita akasimama mbele ya magunia yale kama mtu aliyeona nyoka.

"Dakta, hii ni Taasisi ya nini?"

"Ya Uhai, Profesa."

"Sasa neno hilo limeingiaje humu? Wafadhili wakipita wakaliona? Kwani wakulima wenyewe wanakiitaje kitu hicho?"

"Wanaita dawa, Profesa. Dawa ya dumuzi."

"Umeona? Wananchi wanatushinda hekima. Hapa kwetu hakuna sumu. Kuna dawa."

Neno sumu likapigwa marufuku Taasisini, kwa maandishi na kwa mdomo. Sikudhani akachukua wino wake akaandika upya, gunia baada ya gunia: MAHINDI YENYE DAWA. Aliandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu alifundishwa kwamba kazi ya mkubwa haifanywi ovyo.

Basi ikawadia Siku ya Jamii. Siku hiyo Taasisi hufungua lango lake na kuingiza jamii. Jamii, kwa wasiofahamu, ni wakazi wa kijiji cha Mtaambiwa, walio ng'ambo ya uzio, ambao mashamba yao ndiyo yaliyogeuka maegesho ya magari ya Taasisi. Waliingizwa mara moja kwa mwaka, wakaketishwa juani nyuma ya kamba, wakahutubiwa juu ya lishe bora na watu wenye vitambi, wakapigwa picha wamebeba vikombe vya uji, kisha wakatolewa nje kabla hawajazoea.

Mwaka huo Kamati ya Uji ilipita ghala kwa ghala ikitafuta unga wenye hadhi. Ikafika kwa Sikudhani, ikasoma maandishi yale mazuri, ikashangilia. Mahindi ya kawaida yana nini? Haya yana dawa ndani yake! Magunia yakabebwa kwa nyimbo, yakasagwa. Unga ukatoka na rangi ya waridi iliyofanana kabisa na nembo ya Taasisi, na Kamati ikaona hiyo ni dalili njema.

Sikudhani aligundua siku moja kabla. Alikuta ghala tupu, dumuzi wachache wanatangatanga sakafuni. Alikimbia mpaka ofisini kwa Mkurugenzi, kisha akasimama mlangoni kungoja aambiwe aingie, akangoja sana.

"Profesa, shikamoo."

"Marahaba. Umeona, Dakta? Mahindi yako yameitikia wito wa taifa."

"Profesa, yale mahindi yana..." Neno likamkwama. "Yana dawa."

"Ndiyo maana yakachaguliwa."

"Dawa ya dumuzi, Profesa. Inaua."

"Inaua nini?"

"Dumuzi."

"Basi. Jamii si dumuzi."

"Profesa, mtu akinywa uji ule anakufa."

Profesa Ntimbwa alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai. "Hayo ni matokeo ya utafiti? Yameshapita kwenye semina?"

"Bado."

"Basi huo ni umbea, Dakta, ila umevaa koti jeupe. Sisi hatuzuii uji wa taifa kwa umbea. Lakini mimi si mtu mbaya. Nitakuweka kwenye ratiba ya kesho, uwasilishe hoja yako mbele ya Mgeni Rasmi. Kabla ya uji."

"Kabla ya uji, Profesa?"

"Kabla kabisa. Tena nitatangaza redioni kwamba utasema, kikao cha kupandisha vyeo kikusikie."

Sikudhani alishukuru. Alishukuru, wasomaji, tena kwa kuinama kidogo. Alipotoka alipita jikoni, akaziona sufuria kubwa zimefunikwa, unga umewekwa pembeni, mpishi amesinzia. Ingemchukua muda mfupi kuumwaga wote mtaroni. Alisimama pale akaufikiria mtaro. Kisha akafikiria kosa la kuharibu mali ya umma, akafikiria kikao cha kupandisha vyeo, akafikiria kwamba ameshapewa nafasi rasmi na mtu akishapewa nafasi rasmi halafu akatumia isiyo rasmi anaonekana hana shukrani. Akaenda kufanya mazoezi ya kutamka majina ya wakubwa.

Kulipokucha, bango kubwa lilikuwa limetundikwa langoni: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Wakubwa walikaa chini ya hema, juu ya zulia, feni zikiwapuliza, na nyuma yao pilau ikinukia ndani ya vyombo vilivyofunikwa. Jamii ilikaa juani. Akahutubu Profesa Ntimbwa, akahutubu Mwenyekiti wa Kamati ya Uji, akahutubu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Uhai na Mambo Mengineyo, aliyesema kwamba serikali yake imedhamiria, tena imedhamiria kwa dhati, na kwamba anayesema haijadhamiria aje amwoneshe. Kila mmoja alianza kwa kutambua uwepo wa wenzake wote. Jua likafika utosini. Ndipo Bwana Makofia akamwita Dakta Sikudhani.

Alipanda jukwaani mbio, jambo lililowachukiza baadhi ya waheshimiwa.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Naibu Waziri wa Uhai na Mambo Mengineyo. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyekuja endapo Mgeni Rasmi asingefika, naye akafika. Waheshimiwa wenza wa waheshimiwa..."

Aliendelea hivyo, hajakosea hata mmoja. Alipofika kwa Katibu Msaidizi wa Miti ya Kivuli, aliona vifuniko vya sufuria vinaondolewa. Profesa Ntimbwa alikuwa ameashiria uji ugawiwe, maana jamii ilianza kunung'unika, na jamii inayonung'unika haitoki vizuri kwenye picha. Ratiba ilisema Dakta ataanza kabla ya uji, naye alikwisha kuanza. Vikombe vikaanza kupita nyuma ya kamba, vya rangi ya waridi mpaka ukingoni. Wanawake wa Mtaambiwa walitazamana, mmoja akauliza mbona uji umeona haya. Hawakunywa bado. Kwa adabu yao walingoja aliye jukwaani amalize.

Na katikati yao, kwenye safu ya mbele, Sikudhani akamwona Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa amelisikia jina la mwanawe redioni, akafunga safari kutoka mkoani bila kumwambia mtu, amejitanda khanga mpya. Langoni aliulizwa yeye ni nani. Akajibu, "Mimi mama yake Dakta." Akaulizwa kama yumo kwenye itifaki. Akajibu haijui hiyo. "Basi wewe ni jamii," askari akamwambia, na hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Akapelekwa nyuma ya kamba. Sasa alikuwa anapuliza kikombe chake, macho kwa mwanawe, uso umemjaa fahari.

"Mama mdogo!" Sikudhani alipiga kelele. "Usinywe!"

Kidole gumba cha Bwana Makofia kilikuwa chepesi. Neno la kwanza na la pili yalitoka, la tatu likafia ndani ya waya. Bi Somoe alichosikia ni mwanawe akimwita mbele ya mawaziri. Alisimama, akainua kikombe juu na kukipunga, machozi ya furaha yakimtoka, na majirani zake wakampigia makofi.

"Dakta," Bwana Makofia alinong'ona kwa upole, "huyo hayumo. Anza upya."

"Bwana Makofia, nakuomba. Yule ni mama yangu."

"Haraka haraka haina baraka, Dakta. Anza upya."

Angeweza kuruka jukwaa lile. Halikuwa refu, na kutoka pale mpaka kwenye kamba hata mtoto angefika kabla uji haujapoa. Lakini tangu azaliwe hajawahi kukatiza kitu cha mkubwa, na miguu ya mtu hufuata malezi yake. Akahesabu moyoni kwamba akisema upesi atawahi. Akaanza upya.

Ninasema kweli, Mchakatoni haijawahi kusikia utambuzi wa namna ile. Majina yalimtoka mfululizo, vyeo vikifuatana bila pumzi, Miti ya Kivuli ikapita, Mapazia yakapita, dereva wa Mgeni Rasmi akapita, na hakuna aliyerukwa. Wakubwa wenyewe walishangaa, wakasahau kusinzia. Akafika mwisho jasho likimtiririka.

"Itifaki imezingatiwa!" akalia. "Wananchi, huo uji una dawa!"

Makofi yakalipuka. Bi Somoe akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani, kisha, kwa kuwa mwanawe amekwisha kusema na adabu imetimia, akanywa. Jamii yote ikanywa.

"Sikilizeni! Nimeitia mwenyewe, kwa mikono yangu! Ni dawa ya dumuzi!"

Wakashangilia zaidi, maana ni nani katika nchi ile asiyekuwa na dumuzi wake anayemla kimyakimya? Wengine wakanyoosha vikombe kuongezewa. Sikudhani akafungua kinywa alitaje lile neno lingine, la kweli. Likafika kwenye ulimi. Akamtazama Profesa Ntimbwa, naye Profesa akainua unyusi mmoja tu. Neno likarudi ndani. Lilipotoka hatimaye, kwa sauti ya kupasua koo, Bwana Makofia alikuwa amekwisha kusema muda wa Dakta umekwisha, kipaza sauti kimezimwa, na bendi ya tarumbeta inapiga.

Hapo ndipo alipokimbia. Alivuka kamba, akaanguka magotini mbele ya mama yake mdogo.

"Mama, umekunywa?"

"Viwili! Nilipewa kimoja, mwenzangu hapa kaniachia chake aliposikia mimi ni mama yako. Siku, mwanangu, majina yote yale umeyaweka wapi kichwani?"

"Tapika, mama. Tia kidole utapike, upesi!"

Bi Somoe alitazama hema, zulia, na waheshimiwa waliokuwa wanakaribishwa kwenye pilau.

"Nitapike mbele ya wakubwa?" alisema. "Siku ya leo? Nikuaibishe?"

"Mama, ni sumu!"

"Nyamaza, watakusikia." Alijishika tumbo, akalibana chini ya ile khanga mpya, akatabasamu kuelekea hemani. "Nitasubiri tu wakiondoka."

Wakubwa hawakuondoka mapema. Pilau ilikuwa nzuri. Nyuma ya kamba jamii ilianza kulala, mmoja mmoja, kisha safu nzima. Mgeni Rasmi alipoaga alipunga mkono, akasema amefarijika kuona wananchi wameshiba mpaka wamelala. Magari yote ya Taasisi yalikuwa kwenye msafara wake, kwa hiyo hapakuwa na gari la kumpeleka mtu hospitali. Bi Somoe alisubiri mpaka gari la mwisho likapita lango. Alisubiri kwa adabu mno, hata alipopewa ruhusa hakuwa na nguvu ya kuitumia. Alifia mapajani mwa mwanawe, kinywa chake kimefungwa vizuri.

Kamati ya uchunguzi iliundwa, ikafanya semina, na matokeo yake yalimridhisha kila mkubwa. Katika hotuba zote za siku ile, kamati ilisema, hakuna aliyetambua uwepo wa mtu yeyote nyuma ya kamba. Kwa hiyo nyuma ya kamba hapakuwa na mtu. Asiyekuwepo hanywi uji, na asiyekunywa uji hafi kwa uji. Waliozikwa Mtaambiwa walikuwa na kile kamati ilichokiita uwepo holela, na wananchi walionywa waache tabia hiyo. Sikudhani alipandishwa cheo. Barua haikutaja dumuzi. Ilitaja umahiri wake wa itifaki.

Uprofesa ukampa haki ya kuzikiwa na serikali mama yake, ambaye mwili wake ulikuwa bado mochwari ukingoja ripoti. Basi Mgeni Rasmi, Profesa Ntimbwa, Bwana Makofia na waheshimiwa wengine walisafiri mpaka mkoani, wakajengewa hema kando ya kaburi, wakatandikiwa zulia. Wachimbaji walisimama na majembe yao wakingoja. Mfiwa akakaribishwa kusema neno.

Sikudhani alishika kipaza sauti. Aliangalia chini, mahali mwili uliposhushwa umezungushiwa ile khanga, nayo ilikuwa bado mpya.

"Natambua uwepo," alisema, "wa Bi Somoe, mama yangu."

Kidole gumba kikasogea. Bwana Makofia aliinama sikioni mwake, na safari hii pia sauti yake ilikuwa ya upole.

"Marehemu hayupo, Profesa. Anza upya."

Watu wa mkoani walimtazama. Wanawake waliosuka mikeka pamoja na marehemu walimtazama, na mmoja alikwisha kuokota bonge la udongo, labda la kutupia kaburini, labda la kutupia hemani. Walichongoja kutoka kwake kilikuwa neno moja tu.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," Sikudhani akaanza.

Hakukosea hata mmoja. Alipotamka "itifaki imezingatiwa" wachimbaji walikuwa wameshafukia, wameshasawazisha, wameshakung'uta majembe na kwenda zao, na wanawake nao walikuwa wameondoka. Waheshimiwa walipiga makofi. Alibaki amefungua kinywa, kipaza sauti kikiwa wazi, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Nasi hadithi yetu tunaifunga hapo. Ewe msomaji uliyefika mpaka kwenye kaburi hili, usiwe na hofu kwamba utaitwa kutoa ushahidi. Tangu mstari wa kwanza hatukutambua uwepo wako. Wakikuuliza uliona nini, waambie hukuwepo.